Filamu za Kihindi zenye hadithi mpya? Anza na Ankhon Dekhi

Ndugu uliyeomba filamu za Kihindi za bajeti ndogo, zisizo na staa wa kupiga watu ishirini peke yake: anza na Ankhon Dekhi (2014) ya mwongozaji Rajat Kapoor. Mzee mmoja wa mitaa ya zamani ya jiji la Delhi, anaigizwa na Sanjay Mishra, anaamua kuwa kuanzia leo haamini chochote asichokiona kwa macho yake. Basi. Kutokana na uamuzi huo anaacha kazi, nyumba nzima inavurugika, na ugomvi na mdogo wake utakuumiza kweli. Nyumba yenyewe imebanana, watu wanapishana kwenye ngazi, unahisi uko nao humo ndani. Mimi nimeirudia mara tatu na bado naipenda.

Ukimaliza hiyo, tafuta Trapped ya Vikramaditya Motwane. Rajkummar Rao anajifungia kwa bahati mbaya kwenye fleti ya ghorofani Mumbai, jengo halina wakazi, hakuna maji wala umeme. Karibu filamu yote ni mtu mmoja tu, na huchoki.

Masaan (2015), inayotokea Varanasi, mji wa India, nayo usiiache. Ila iangalie usiku ukiwa umetulia, ni nzito.