Ukumbusho wa siku 30 unatoka papo hapo

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimetengeneza mfumo wa VICOBA kwa Node.js (programu inayoendesha msimbo wa JavaScript kwenye seva). Mwanachama akishapewa mkopo, seva inatakiwa imtumie SMS ya kumkumbusha marejesho baada ya siku 30. Nimeandika setTimeout(tumaSms, 30 * 24 * 60 * 60 * 1000), yaani taima ya kuita kazi ya tumaSms baada ya milisekunde hizo, lakini SMS inatoka sekunde ileile mkopo unapoidhinishwa. Nikiweka siku 20 haitoki papo hapo. Mwenzangu kanishauri nizigawe, taima ya siku 15 ikiisha iwashe nyingine ya siku 15. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Usiufuate, ndugu yangu. Huyo mwenzako ameziba moshi, moto ameuacha.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu hesabu yako, maana ni sahihi. Tatizo ni kwamba setTimeout haipokei muda unaozidi milisekunde 2,147,483,647, yaani siku 24 na saa 20 na ushee. Ukivuka hapo, Node haikatai; inaufanya muda wako kuwa milisekunde 1 na kuendelea na shughuli zake. Fungua logi zako utaliona onyo la TimeoutOverflowWarning. Najua hukulisoma. Hakuna anayelisoma.

Sasa tuseme umegawa 15 kwa 15 na SMS haitoki tena papo hapo. Siku ya 9 unapandisha toleo jipya la programu, seva inawashwa upya. Ile taima iko wapi? Haipo. Ilikuwa kwenye kumbukumbu ya mchakato uliokwisha kufa, haikuandikwa popote. Mwanachama hatapata SMS, na wewe hutaona kosa lolote, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Ni kitu tu kilichosahaulika.

Hili ndilo linalonichosha kila wiki. Watu wanaamini kwamba wakiita setTimeout wameweka miadi mahali fulani salama. Halafu kuna hawa walimu wa video za dakika 10 wanaokufundisha "kupanga kazi za seva" kwa setInterval (taima inayojirudia) ya saa 24, wanakuonyesha ikichapa neno moja kwenye skrini, basi, somo limekwisha. Hawakuambii kwamba saa 24 zinahesabiwa kuanzia seva ilipowaka, kwa hiyo ukiiwasha upya kila siku kabla hazijatimia, kazi hiyo haitafanyika hata siku moja. Hawakuambii kwamba ukiendesha nakala nne za programu kwa PM2 (kisimamizi cha programu za Node), kila nakala ina taima yake na mteja atapokea SMS nne. Wala kwamba setInterval haisubiri kazi ya await (inayongoja jibu, tuseme la kanzidata) iliyotangulia imalizike, hivyo kanzidata ikizorota kazi zinaanza kupandana.

Tarehe yako ikae kwenye kanzidata. Tengeneza jedwali la vikumbusho lenye namba ya mkopo, muda wa kutuma, na hali. Mkopo ukiidhinishwa, andika mstari mmoja humo, ndani ya muamala uleule unaoidhinisha mkopo. Kisha cron (kipanga ratiba cha mfumo wa seva yenyewe) iamshe skripti fupi kila baada ya dakika 5, itafute mistari ambayo muda wake umefika na hali yake bado ni "inasubiri". Kabla ya kutuma, skripti ibadilishe hali kuwa "inatumwa" kwa sharti kwamba bado ilikuwa "inasubiri". UPDATE (amri ya kanzidata inayobadilisha hali hiyo) ikirudisha mistari sifuri, ujue mwingine ameshaichukua, achana nayo. Seva ikilala kwa muda wa saa mbili, ikiamka inakuta madeni yake yanaisubiri.

Na saa! Seva nyingi za kukodi zinakwenda kwa UTC (saa ya kimataifa), saa tatu nyuma ya Dar es Salaam. Ukiwa na kazi ya mara moja kwa siku, ukaandika 9 kwenye sehemu ya saa ya crontab (faili la ratiba za cron) ukitarajia SMS zitoke saa 3 asubuhi, zitatoka saa 6 mchana. Andika 6.

Taima si haramu. Itumie kukata ombi la mtandao lililochelewa kujibiwa, au kusubiri kidogo kabla ya kujaribu tena. Hata hapo, namba unayoiandika ni muda wa chini kabisa: ukiwa na hesabu nzito inayoushika uzi mkuu (foleni moja inayotekeleza msimbo wako) kwa sekunde 4, taima ya sekunde 1 itasubiri kama wengine. Kitu chochote kinachogusa pesa ya mtu, au ahadi ya kesho na kuendelea, usikiweke humo. Mimi nikiitwa kukagua mfumo wa mikopo, neno la kwanza ninalolitafuta kwenye msimbo ni setInterval.

Kabla hujamkabidhi mteja, weka ukumbusho wa dakika 20 zijazo, zima seva, kaa nusu saa, iwashe. SMS itoke moja, si sifuri wala mbili. Kisha rudia ukiwa na nakala nne.