Mninga mbele, vumbi nje: maswali yenu kuhusu kujiundia kompyuta ya mezani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Tabora, na nyingi zinaanzia palepale: kasha la kioo lenye feni za taa, mengine yatafuata. Tungependa mpango wenu uanzie kwenye kazi ya mashine, umeme wa nyumba na vumbi la chumba. Sura nzuri inawezekana, tena sana, ila ifuate haya matatu, kwa sababu ndiyo yanayoamua ukubwa wa kasha na njia ya hewa.

Nahariri video za harusi na sendofu. Duka moja la Dar limenipa orodha hii: prosesa ya Core i7, RAM ya GB 8, hadidiski ya TB 1, kadi ya grafiki ya GT 1030, pawa saplai ya wati 700 isiyo na jina na kasha la kioo lenye feni sita za taa. Ninunue?
*Msomaji, Isevya*

Usinunue. Katika orodha hiyo hela imewekwa pasipo na kazi. GT 1030 haina kabisa ile sehemu ya kadi inayobana video wakati wa kuitoa, kwa hiyo mzigo wote unamrudia prosesa, ubongo wa mashine. GB 8 za RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, zitajaa kabla hujamaliza kupanga klipu za ukumbini. Na hadidiski ya kuzunguka ukiifanyia kazi moja kwa moja, kila ukivuta mstari wa muda utasubiri.

Kwa kazi yako tungepanga hivi. Prosesa iwe Core i5-12400: koa 6 (viini vya kufanyia kazi), nyuzi 12 (kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja), inatosha. Angalia herufi za mwisho. Yenye F, yaani 12400F, ni rahisi kidogo lakini haina grafiki ya ndani, yaani sehemu ya picha iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, na wewe unaihitaji hiyo grafiki. Kamera nyingi za siku hizi hurekodi video ya aina ya H.265 ya biti 10 kwa mpangilio wa rangi wa 4:2:2, na kadi za grafiki za RTX za NVIDIA za mfululizo wa 30 na 40 haziwezi kuisoma aina hiyo zenyewe. Grafiki ya ndani ya Intel kuanzia kizazi cha 11 inaisoma bila shida. Ukishaweka kadi kubwa, mazabodi nyingi (bodi kuu inayobeba vipande vyote) huizima grafiki ya ndani zenyewe, kwa hiyo ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, uiwashe, kisha uiruhusu kwenye mipangilio ya programu ya kuhariri. Watu wengi huilipia bila kuitumia kwa sababu hawajui kwamba imezimwa.

Mazabodi iwe ya aina ya B660, ukubwa wa micro-ATX, inayopokea RAM ya DDR4. RAM nunua vipande viwili vya GB 16, si kimoja cha 32, maana kimoja kinakupa nusu ya upana wa njia ya data. Vichomeke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, kisha washa XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa, ndani ya BIOS. Usipoiwasha, RAM iliyoandikwa 3200 mara nyingi hukimbia kwa kasi ya chini. Weka SSD mbili za NVMe, diski za kasi zisizozunguka: ya GB 500 kwa ajili ya Windows na programu, na ya TB 1 kwa kazi inayoendelea. Hadidiski ya TB 4 ibaki kuwa ghala la kazi zilizokwisha. Kabla ya kulipa soma kitabu cha mazabodi: kwenye baadhi, ukijaza nafasi fulani ya M.2 (zinapokaa SSD hizo), tundu moja la SATA (la waya wa hadidiski) linakufa.

Kadi ya grafiki: RTX 3060 ya GB 12. Sasa jumlisha umeme. Prosesa inaweza kufika wati 117 ikibanwa, kadi 170, na vingine vyote tuseme 60. Hapo ni kama 350. NVIDIA, watengenezaji wa chipu yake, wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo. Ukichukua 650 yenye jina linaloaminika na alama ya ufanisi ya 80 Plus Bronze, umetosheka. Ile ya 700 isiyo na jina iache dukani. Namba ya kwenye stika hailindi kitu, na pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na mazabodi. Igeuze pia uangalie mgongoni: za bei ya chini huwa na swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwenye soketi ya Tanzania, utasikia mlio mmoja tu, na hiyo ndiyo mwisho wake.

Napenda sura ya mbao. Nina seremala mzuri Ng'ambo. Anaweza kunitengenezea kasha zima la mninga?
*Msomaji, Cheyo*

Kasha zima hatulishauri. Chuma cha kasha kinabeba ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja), kinazuia makelele ya umeme kutoka na kuingia, na matundu yake ya skrubu yamepimwa kiwandani. Nunua kasha la chuma la kawaida ambalo uso wake wa mbele unachomoka, kisha uso huo ndio uwe wa mninga. Wazo lako ni zuri mno na Tabora ni mahali pake. Vipande vinavyobaki baada ya kutengeneza kitanda vinatosha kabisa.

Tatizo la mbao ni kuziba hewa. Usitengeneze ubao mzima wenye urembo wa kuchonga, tengeneza fito. Tuseme uso wa kasha lako una upana wa milimita 210. Mwambie fundi apasue fito 13, kila moja upana wa milimita 6 na kina cha milimita 15, azisimamishe wima na kuacha nafasi ya milimita 10 kati ya fito na fito. Fito zinachukua milimita 78 na nafasi 12 zinachukua 120, jumla 198, na kila pembeni inabaki 6. Hewa inapata karibu asilimia 60 ya uso. Fito za milimita 10 zenye nafasi ya 5 zinapendeza kwa macho, lakini hewa inabaki na theluthi tu na feni zitapiga kelele kutwa.

Fito zishikwe nyuma na vipande vya kukingama. Hivyo viwekwe mahali feni moja inapoishia na nyingine inapoanzia, visipite katikati ya mapanga. Kati ya mbao na feni acha milimita 20 au zaidi. Vikikaribiana sana, hewa inapiga mluzi. Wavu wa kuzuia vumbi ukae nyuma ya fito, na uwe wa kuchomoka kwa mkono bila bisibisi. Usipofanya hivyo hutausafisha.

Mbao iwe imekauka vizuri. Sifa ya mninga ni kutocheza sana ikishakauka, lakini iliyopasuliwa mbichi itapinda msimu wa kiangazi kama mbao nyingine yoyote. Vanishi ipakwe pande zote, hata nyuma kusikoonekana, kwa sababu upande ulioachwa wazi unanyonya na kupoteza unyevu peke yake, na fito inajikunja. Iache ikauke mpaka harufu iishe ndipo uifunge. Kupasua na kupiga msasa kufanyike mbali na kompyuta, na fundi afunge barakoa: vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

Jambo la mwisho watu hulisahau: kitufe cha kuwashia. Kwenye makasha mengi kipo kwenye uso huohuo unaouondoa. Tafuta kasha lenye kitufe juu, au pima waya wake kabla mbao haijakatwa. Kwa rangi, kasha jeusi na taa nyeupe inayoelekea njano vinakubaliana na mninga kuliko taa za rangi saba, ambazo zinaipotezea mbao rangi yake.

Naishi kando ya barabara ya vumbi. Niweke feni ngapi, na zielekee wapi?
*Msomaji, Ipuli*

Feni tatu za milimita 120 mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa. Kinachoingia kikizidi kinachotoka, hewa ya ziada inajisukuma nje kupitia mianya, na vumbi linalazimika kupita mlango mmoja wenye kichujio. Ukigeuza hesabu, kasha linavuta vumbi kwenye kila tundu, hadi matundu ya USB.

Kujua feni inapuliza wapi, tazama fremu: upande wenye mikono inayoshika mota ndiko hewa inakotokea. Shikilia karatasi ya tishu mbele yake uhakikishe kabla ya kufunga kioo. Mashine ikae juu ya meza, isikae sakafuni. Kiangazi suuza kichujio kila wiki na ukianike mpaka kikauke kabisa. Ukisafisha ndani kwa blowa, zima, chomoa waya, na ushike mapanga ya feni kwa kidole. Yakiachwa yazunguke kwa nguvu ya upepo, beringi zinaumia na mota inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi.

Nimechomeka taa za feni kwenye mazabodi, zimewaka kidogo zikafa. Nimeuziwa mbovu?
*Msomaji, Nzega*

Inawezekana hukuuziwa mbovu. Taa ziko za aina mbili. Zenye pini 4 hutumia volti 12, na feni zote hutoa rangi moja kwa wakati. Zenye pini 3 hutumia volti 5, na kila taa hubadilika kivyake. Taa ya volti 5 ikipelekwa kwenye volti 12 huungua papo hapo. Soma maandishi yaliyo kando ya pini kwenye mazabodi, na plagi ikikataa kuingia usiilazimishe.

Kasha langu nikiligusa linanitetemesha vidole. Pia nina UPS ya 650 VA, inatosha?
*Msomaji, Urambo*

Yaelekea soketi yako haina ethi. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazochuja makelele kwenda ethi; ethi isipokuwepo, kasha linabaki na umeme wa karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, ila unatosha kuunguza tundu la HDMI unapochomeka televisheni. Acha kutumia adapta ya pini mbili. Mwite fundi umeme apime soketi: kati ya laini na ethi isome karibu sawa na kati ya laini na nyutro. Ikisoma namba ya ajabu, aanzie kwenye fimbo ya ethi na waya wake. Hili lifanye wiki hii.

UPS, yaani betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, ya 650 VA kwa kawaida hutoa wati 360 au 390. Kwa mashine ya ofisi inafaa. Kwa yenye kadi kubwa itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima, basi. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe. Na radi zikianza, chomoa waya wa umeme pamoja na wa intaneti. Wengi huchomoa mmoja, radi ikapitia wa pili.

Mimi ni mwanafunzi, bajeti ndogo. Naweza kununua Dell OptiPlex iliyotumika niongeze kadi ya grafiki?
*Msomaji, Igunga*

Unaweza, kwa masharti. Chukua yenye prosesa ya Intel kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu ndiyo Windows 11 inayoikubali, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye makasha yale membamba inaingia kadi fupi tu, nayo isihitaji waya wake wa umeme, maana tundu la mazabodi inapochomekwa hutoa wati 75 zisizozidi. GTX 1650 ya kimo kifupi inafaa. Usipange kubadili pawa saplai baadaye: plagi za Dell mara nyingi si zile za pini 24 za kawaida.

Nimeagiza mashine nzima kutoka Kariakoo. Nisafirishe vipi mpaka hapa?
*Msomaji, Kitete*

Dar hadi Tabora kwa reli ni zaidi ya kilomita 800, na kadi nzito iliyoning'inia itatikisika njia nzima mpaka ing'oe tundu lake. Waambie waichomoe wairudishe kwenye boksi lake, na hadidiski vivyo hivyo. Kioo cha pembeni kifungwe peke yake kwenye sponji. Mzigo ukifika, ufungue hapohapo kwa wakala huku mtu anarekodi kwa simu.

Nyumbani liinamishe kasha polepole usikilize kama kuna skrubu inayotembea ndani. Kioo usikilaze juu ya marumaru hata kwa sekunde, kona ikigusa inaweza kukipasua chote; tandika blanketi. Bonyeza RAM upya hadi vishikizo vilie, rudisha kadi, chomeka waya wake wa umeme, na waya wa skrini uende kwenye kadi, si kwenye mazabodi.