Kabla ya kumwendea ndugu yako

Swali: Mimi ni mzee wa kanisa. Mweka hazina wa kwaya yetu hajasoma mapato na matumizi tangu Pasaka, na maneno yameanza kuzagaa. Nilitaka kulifikisha kikaoni, lakini wenzangu wakanikumbusha "msihukumu". Je, ninyamaze?

Jibu: Usinyamaze, mzee wetu. Wenzako wamenukuu Mathayo 7:1 wakaishia njiani. Mstari wa 5 unasema uitoe kwanza boriti katika jicho lako, "ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako." Kwa hiyo kibanzi kinatolewa, kilichokatazwa ni kukitoa ukiwa huoni.

Kuna mambo mawili hapa, na ukiyachanganya utaharibu yote. Mahesabu ni kazi ya ofisi. Kwaya ina haki ya kusomewa taarifa, stakabadhi zikiwa mezani, hata mweka hazina angekuwa malaika, na kuiomba taarifa hiyo si kumhukumu mtu. Kusema "amekula" ndiko kuhukumu, na hapo ndipo pa kujichunguza.

Chukua karatasi uigawe sehemu tatu: niliyoyaona mwenyewe, niliyoambiwa, ninayoyakisia. Mara nyingi sehemu ya kwanza hubaki na mstari mmoja. Kwako ni huu: taarifa haijasomwa. Nenda na huo tu.

Kisha jiulize umeshawaambia wangapi kabla yake. Mathayo 18:15 inaanza na "wewe na yeye peke yenu", basi kila uliyemdokezea mrudie, umwambie kwamba ulisema kabla ya kuuliza. Jiulize pia kuhusu fedha za watu mikononi mwako: rejesho la mkopo wa kikundi lililolala, ahadi ya jengo uliyoitangaza mbele ya watu ukaiacha. Nabii Nathani alipomsimulia Daudi habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, Daudi alisema mtu huyo anastahili kufa na alipe mara nne. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshamchukua mke wa Uria na kumwua mumewe (2 Samweli 12). Ukali wake kwa kosa la mwingine haukumfumbua macho hata kidogo, ilibidi Nathani amwambie waziwazi, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Swali la mwisho ndilo gumu: nikikuta kila shilingi ipo, nitafurahi au nitasononeka? Ukijiona ungesononeka, ahirisha safari na ukae na jambo hilo mbele za Mungu. Mtu anayetamani kosa liwepo hawezi kumponya mwenye kosa.

Ukienda, nenda nyumbani kwake, si mlangoni pa kanisa watu wanapopeana mikono baada ya ibada. Anza kwa kuuliza: "Ndugu, taarifa ya kwaya imekwama wapi, nikusaidie?" Huenda stakabadhi zimepotea, au hajui kufunga vitabu na anaona aibu kusema. Asiposikia, ndipo uchukue mmoja au wawili. Kinachovuruga sana siku hizi ni ombi la maombi kwenye kundi la WhatsApp: "tumwombee ndugu yetu, anapitia jaribu la fedha." Hayo ni masengenyo, hata yakisemwa kwa magoti.

Jambo moja lisipitie ngazi hizi: mtoto akidhuriwa au mtu akipigwa, usianze na mazungumzo ya faragha na mkosaji. Mlinde aliyeumizwa na utoe taarifa polisi siku hiyohiyo.

Swali: Kila nikijihoji kabla ya Meza ya Bwana naona sistahili. Nimekaa muda mrefu bila kushiriki. Nifanye nini?

Jibu: Dada, soma 1 Wakorintho 11:28 hadi mwisho: "mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate." Paulo anataka ujihoji, kisha ule. Aliowakemea Korintho walikuwa wanatangulia kula cha kwao, huyu ana njaa na huyu amelewa, wakiwatahayarisha wasio na kitu. Hawakuwa watu wanaolia juu ya dhambi zao.

Kujihoji kwako huenda hakuna mwisho. Kuwekee mpaka. Utaratibu wa kujihoji wa Ignatius wa Loyola, padre Mkatoliki wa karne ya 16, una hatua tano: shukuru, omba mwanga, pitia siku yako, tubu, azimia la kesho. Robo saa inatosha. Usianze na dhambi. Anayeruka shukrani huishia kujitesa. Na unapotubu, taja jambo lenyewe. "Mimi ni mwenye dhambi" ni rahisi kusema na hakuna kinachobadilika. "Jana jioni nilimfokea msichana wa kazi mbele ya wageni" kunakupa la kufanya asubuhi: kumwomba radhi. Ukishatubu jambo, usilifukue tena kesho yake. Likizidi kukurudia, mwone mchungaji ana kwa ana.

Swali: Katika ushirika wetu watu hutubu hadharani, na wengine huwataja waliokosana nao. Ni sawa?

Jibu: Kutubu mbele ya ndugu ni urithi mzuri wa Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, ukafika Kenya na Tanganyika. Lakini tubu lako tu. Anayesema "namsamehe fulani kwa alivyonidhulumu" hajatubu. Ameshtaki mtu asiyepewa nafasi ya kujibu. Toba ipanuke kadiri kosa lilivyopanuka: la moyoni liende kwa Mungu, la mtu mmoja liende kwa huyo mmoja kabla ya sadaka (Mathayo 5:23-24), na lililosemwa mbele ya ushirika lifutwe mbele ya ushirika. Usiseme "kama nimekukosea"; taja ulichofanya. Na kama ulichukua kitu, kirudishe. Zakayo, yule mtoza ushuru (Luka 19), alijipangia mwenyewe kurudisha mara nne, kiasi kilekile Daudi alichompangia mtu mwingine.