Kinyesi cha kuku kimezima jiko langu

SWALI: Tangu niache samadi ya ng'ombe na kulisha mtambo wa biogesi kinyesi cha kuku pekee, moto umefifia na harufu inachoma macho. Je, bayocha (makaa ya mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa kidogo) itasaidia?

JIBU: Pole sana. Hiyo ni amonia: kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi mno, na vijidudu vinavyotengeneza methani, gesi inayowaka jikoni, vinalemaa. Kwanza acha kulisha, ongeza maji, kisha rudisha samadi ya ng'ombe. Lenga kaboni 20 hadi 30 kwa naitrojeni 1. Bayocha ndiyo, inasaidia. Nimewahi kupasua kipande kilichokaa mtamboni: vitundu vimejaa utelezi, makazi ya vijidudu hivyo. Isage, itie kidogokidogo. Ila majivu usitie, tafadhali! Yanazidisha ukali wa amonia.