Maswali ya Wasomaji: Vespa ya Zamani Nyanda za Juu Kusini

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba mdogo ameniachia Vespa P150X aliyoitumia miaka mingi Dar es Salaam. Tangu niilete Iringa inatoa moshi mwingi na haina nguvu. Nikitoka Ipogolo kupanda mjini nalazimika kurudi gia ya pili huku malori yakinipigia honi nyuma. Fundi wa kwanza amesema ringi za pistoni zimekwisha, wa pili anataka kuitoa kabureta na kufunga ya bodaboda. Nimsikilize yupi? — Msomaji wa Kihesa, Iringa.

JIBU: Pole kwa msiba. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja, kwa sababu wote wawili wanataka kubadilisha vitu kabla ya kupima chochote, na huenda chombo chako hakina ubaya wowote isipokuwa kwamba bado kimepangwa kwa hewa ya pwani. Mji wa Iringa uko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, na hewa unayovuta hapo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Kabureta hailijui hilo. Jeti iliyomo, yaani kijitundu kinachopitisha petroli, inaendelea kumimina petroli ya kutosha hewa nzito ya Dar, hivyo petroli inazidi hewa, haiungui yote, plagi inakuwa nyeusi na nguvu inapotea hasa mlimani.

Hata hivyo moshi unaweza kuwa na chanzo kingine, nacho ni lazima ukiondoe kwanza katika orodha. Panda mlima ule wa Ipogolo, zima injini ukifika juu, iache ipoe kidogo, kisha fungua plagi uitazame. Masizi makavu yanayofutika kwa kidole ni dalili ya petroli kuzidi. Plagi ikiwa imelowa oili nzito, geukia giaboksi, ambayo huchukua oili ya SAE 30 kiasi cha mililita 250: simamisha Vespa mahali tambarare, fungua nati ya kujazia, uangalie kama oili inafika kwenye tundu. Ikiwa imepungua na chini sakafuni hakuna hata tone, basi injini inainywa. Katika Vespa, giaboksi na chumba cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, vinatenganishwa na sili moja tu, pete ya mpira ya kuzuia oili, upande wa klachi. Sili hiyo ikikauka, jambo ambalo hutokea sana kwa chombo kilichokaa muda mrefu bila kuwashwa, injini huvuta oili ya giaboksi na kuiunguza pamoja na petroli. Kuibadilisha kunataka injini ifunguliwe katikati, kwa hiyo tafuta fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo, na mkifungua badilisheni na sili ya upande wa magneti hapohapo.

Kama oili ya giaboksi iko kamili, anza na vitu visivyo na gharama. Chujio la hewa la Vespa hii ni la wavu wa chuma: lioshe kwa petroli, lipulize hadi likauke, ulirudishe. Ekzosi ya injini ya mipigo miwili huziba kwa masizi ya miaka, na ekzosi iliyoziba huifanya injini ionekane mzee kabla ya wakati wake. Baada ya hapo ndipo uguse jeti kuu. Namba iliyochorwa juu yake ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani 100 ni tundu la milimita 1.00. Kwa tofauti ya hewa kati ya Dar na Iringa, punguzo linalohitajika ni kama asilimia 4 ya upana huo, kwa hiyo kama umekuta 100, jaribu 98, kisha 96, na kila mara urudie mlima uleule na kuitazama plagi. Ikifikia rangi ya kahawia, acha. Usishawishike kuendelea kushuka kwa tamaa ya kubana matumizi, kwa maana injini inayokosa petroli hupata joto kali, na joto hilo ndilo linalokwamisha pistoni ndani ya silinda.

Tegemea pia kwamba hata ikipangwa vizuri kabisa, Vespa haitakuwa na nguvu ileile iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Gia ya pili kwenye mlima wa Ipogolo si aibu. Hewa ikiwa pungufu, nguvu nayo hupungua.

Kuhusu kabureta ya bodaboda, nakusihi ukatae. Kabureta ya Vespa imekaa juu ya injini ndani ya sanduku lake lenye chujio, na petroli inapoingia hupita pembeni mwa krenki yenyewe, ambayo ndiyo inayofungua na kufunga njia hiyo kila inapozunguka. Uwazi kati ya krenki na ukuta wake ni mdogo mno. Ukiitoa kabureta yake na kuweka nyingine kwa bomba la kuchomelea, mara nyingi sanduku na chujio huachwa pembeni, na vumbi la kiangazi litaingia na kukwaruza ukuta huo. Ukishakwaruzika, ukarabati wake ni mgumu na ghali kuliko kitu kingine chochote katika injini hiyo. Kabla hujaondoka gereji, hakikisha pia kwamba fundi amerudisha kifuniko cha chuma kinachozunguka silinda. Wengi hukiacha wakidhani ni pambo, kumbe ndicho kinachoelekeza upepo wa feni kwenye silinda.

SWALI: Mafinga sipati oili ya kuchanganya na petroli ya Vespa. Je, naweza kutumia oili ya injini ya gari? — Mama wa Mafinga.

JIBU: Hapana, mama. Oili ya gari haikutengenezwa ili iungue, hivyo itaacha masizi kwenye plagi na ekzosi. Lakini wewe unaishi jirani na msitu wa Sao Hill, na palipo na wapasua mbao pana misumeno ya mnyororo, ambayo injini zake ni za mipigo miwili kama ya Vespa yako. Nenda kwenye maduka yanayouza vifaa hivyo. Angalia tu usipewe oili ya kulainishia mnyororo, kwa kuwa maduka hayohayo huuza zote mbili. Sema unataka ile inayochanganywa na petroli. Kipimo ni asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Changanya kwenye dumu, utikise, ndipo umimine kwenye tangi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi na mwenzangu tunatamani kwenda Kyela siku ya Jumapili kwa Vespa yetu PX 150 ya miaka ya themanini. Jirani anasema mteremko wa Tukuyu utaiua. Ni kweli? — Kijana wa Uyole, Mbeya.

JIBU: Marahaba. Jirani yako ana hoja, ingawa safari yenyewe naiunga mkono kwa moyo wote. Sijui njia nyingine katika mkoa huo inayofaa zaidi kwa chombo kinachopendeza kikienda kilomita 50 kwa saa. Toka Uyole mapema, na mvae makoti, kwa kuwa Isongole iko juu ya mita 2,000 na ukungu wa asubuhi hupenya nguo.

Hatari iko katika kushuka. Injini yako inapata ulainishaji wake kutoka kwenye petroli inayoingia, kwa hiyo ukifunga akseleta kabisa na kuiacha gia ishikilie chombo kwenye mteremko mrefu, injini inazunguka kwa kasi huku oili ikiingia kidogo sana. Pistoni inaweza kukwama hapo, na gurudumu la nyuma likasimama ghafla mkiwa wawili juu yake. Kila baada ya muda mfupi fungua akseleta kidogo ili injini inywe, kisha uifunge tena. Vidole vya mkono wa kushoto viwe tayari juu ya klachi. Injini ikianza kuwa nzito, bana klachi mara moja. Wala usishuke ukiwa umetoa gia ili kubana petroli, kwa sababu mzigo wote utahamia kwenye breki za ngoma, ambazo zikipata joto hupoteza ushikaji. Tumia breki zote mbili kwa mafungu, na mkifika Tukuyu pumzikeni mnywe chai. Ushauri huu unawahusu pia wanaoshuka Kitonga.

Jambo la pili ni jeti. Kama Vespa yenu imepunguziwa jeti kwa ajili ya Mbeya, kumbuka kwamba Kyela iko kwenye mwinuko wa karibu mita 500 tu, hewa yake ni nzito na kuna joto. Beba ile jeti kubwa ya zamani pamoja na bisibisi bapa, na muirudishe Tukuyu wakati chombo kinapoa. Unafungua kifuniko cha sanduku la kabureta, unatoa chujio, unafungua jeti na kufunga nyingine. Wakati wa kurudi, mkifika tena Tukuyu, muweke ile ndogo kabla ya kuanza kupanda kwenda Isongole.

SWALI: Spea za Vespa zinapatikana wapi, na je, tairi la bajaji linaingia? — Msomaji wa Njombe.

JIBU: Tairi la bajaji haliingii kwenye Vespa ya aina ya PX. La bajaji kwa kawaida ni 4.00-8, lako ni 3.50-10. Undugu upo kweli, kwa maana bajaji imetokana na Ape, chombo cha magurudumu matatu ambacho kampuni ya Piaggio ya Pontedera, Italia, ilianza kukiunda mwaka 1948 kwa kutumia vitu vya Vespa, lakini undugu huo haufiki kwenye rimu.

Kwa spea, ulizia za LML. Kiwanda hicho cha India kiliunda Vespa za aina ya PX kwa leseni ya Piaggio, na spea zake nyingi huingiliana na za Italia, zikiwemo kebo, sahani za klachi na sili. Peleka spea ya zamani dukani muilinganishe na mpya mkononi, usitegemee jina pekee.

Kwa kuwa unabadilisha tairi, zingatia hili. Rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa nati, nawe utaona nati za aina mbili: zinazoshika gurudumu kwenye ngoma, na zinazobana vipande hivyo. Toa upepo wote kabla ya kugusa zile za pili, hata kama tairi linaonekana limelala, na ubonyeze sindano ya valvu hadi isitoke sauti yoyote, kwa sababu rimu ikifunguliwa ikiwa na upepo hufyatuka na kuvunja mkono. Ukimaliza kufunga, jaza psi 18 mbele na 25 nyuma. Ukibeba abiria, nyuma iwe 36.