Sambusa 40, wasikilizaji 9

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa kijana aliyeko Gulu. Anasoma akiolojia, mwaka wa mwisho, na idara yake imemtwisha kazi ambayo wakubwa huwa hawaitaki: kuandika habari za programu ya mambo ya kale na kuandaa mihadhara ya umma. Mhadhara wake wa kwanza wamekuja watu 4. Wawili ni wahadhiri wake, mmoja ni mlinzi aliyeingia kufunga madirisha. "Dada," ananiandikia, "nifanyeje? Au watu wetu hawapendi historia yao?"

Wanne! Mdogo wangu, mimi nilipata 9, na nilikuwa nimeagiza sambusa 40. Vuta kiti.

Wanaonisoma siku zote wanajua mimi ni mtoto wa polisi lines, yaani kambi ya polisi, Nsambya, Kampala. Kiswahili sikukipata darasani, nilikipata bombani kwenye foleni ya madumu. Enzi zile mtoto wa Kampala akikusikia unaongea Kiswahili anakaa mbali, anadhani baba yako ana bunduki. Wangu alikuwa nayo kweli. Basi nilipofika chuo kikuu lugha hiyo nikaificha, nikawa mtu wa Kiingereza cha vitabuni, tena kile kigumu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniangusha.

Mada yangu ilikuwa Kibiro. Kwa asiyepajua, ni kijiji chini ya genge la Bonde la Ufa, ukingoni mwa Ziwa Albert upande wa Bunyoro, penye chemchemi za maji moto na udongo wenye chumvi. Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba pale mwaka 1989 na 1990, akakuta majivu na vigae vya vyungu vimerundikana tabaka juu ya tabaka, kwenda chini mita kadhaa. Watu wamepika chumvi hapo karne kwa karne. Hebu fikiria, jiko moja lenye kina cha kukuzidi wewe kimo! Mada tamu namna hiyo niliiua kwa mikono yangu mwenyewe.

Jina la mhadhara lilikuwa na maneno 17. Slaidi zilikuwa 62, na ya kwanza ilikuwa jedwali la tarehe. Nilisema dakika 50 bila kutaja hata mara moja kwamba Kibiro kuna watu, kwamba chumvi ingali inapikwa, kwamba wapishi wenyewe ni wanawake na bustani za chumvi, yaani viwanja vya udongo wa chumvi, hurithiwa mama kwa binti. Nilijua yote hayo. Niliona si ya kitaalamu.

Nilipofika kwenye picha ya kigae chenye nakshi, nikaeleza kwa majigambo kwamba mistari ile ni alama za kamba iliyobiringishwa. Nyuma ya ukumbi mtu akacheka. Alikuwa mama wa chai, ameshika chupa mbili za chai, anasubiri nimalize. Nitamwita Mama Akiiki, kwa mpako wake, lile jina la heshima la Wanyoro, kwa kuwa jina lake kamili si la kuweka hapa.

"Mwanangu," akasema, kwa Kiswahili, maana aliolewa na askari, "hiyo si kamba. Hizo ni nyasi. Zinafungwa mafundo mafundo, mfinyanzi anazibiringisha shingoni mwa chungu kingali kibichi. Waliokuwa wanamuuzia bibi yangu vyungu walifanya hivyo mbele ya macho yangu."

Bibi yake alikuwa mpika chumvi wa Kibiro. Mama Akiiki akaweka chupa chini akaanza kueleza. Asubuhi unatandaza udongo mkavu juu ya bustani. Jua linavuta chumvi kutoka chini ikapanda. Jioni unaukwangua ule udongo, unautia kwenye chungu kilichotobolewa kitako, unamimina maji, yanayodondoka chini ndiyo unayochemsha. Udongo wenyewe hautupwi, unarudi bustanini, unatumika tena na tena, wa bibi ndio wa mjukuu. Mvua ikinyesha, kazi imelala. Zamani walichemshia vyungu, siku hizi vyombo vya bati. Ndiyo maana, akasema, huko chini umekuta vigae vingi, chungu cha chumvi hakiishi mwaka.

Wale watu 9 walikuwa wamegeuza viti kumwelekea. Mimi nilikuwa nyuma yao, na projekta yangu.

Kisha mkubwa mmoja, ambaye simtaji, akatazama saa. "Tunakushukuru mama. Sasa tuletee chai." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nimeandika makala nyingi hapa, nimewafundisha wengi, lakini kicheko hicho sijawahi kukiandika. Mama Akiiki aliinama, akaokota chupa zake, akamimina chai. Kwenye kikao cha wiki iliyofuata ikasemwa kwamba mhadhara wangu "uliingiliwa na mtu wa jikoni", na jina langu likafutwa kwenye orodha ya wazungumzaji wa mwaka ule. Watu huniambia nimesamehe. Sijui nani aliwaambia.

Miaka miwili iliyofuata niiruke. Ni barua, vikao na kuomba mafuta ya gari.

Nilichokuwa nacho wakati huo ni taarifa ya habari ya kila mwezi, kazi ya adhabu, ndiyo hiyo uliyopewa wewe. Mwanzoni niliandika kama wote: "Programu inapenda kuwataarifu wadau wake..." Jirani yangu wa zamani kule lines aliniuliza, hivi mdau ni nani, ni mimi? Nikaona haya. Toleo lililofuata niliandika habari ya kile kichwa cha udongo cha Luzira, na nilianza hivi: "Mwaka 1929 wafungwa wa gereza la Luzira walikuwa wanachimba, jembe likagonga uso wa mtu." Basi. Kila mtu wa Kampala anaijua Luzira, ana mjomba aliyelala huko au aliyelinda huko. Hawakujua kwamba mojawapo ya sanamu za kale mashuhuri kabisa za nchi hii iliibuliwa na wafungwa, na kwamba iko London, katika Makumbusho ya Uingereza, hadi leo. Nilipigiwa simu na watu ambao hawajawahi kunipigia. Askari magereza mstaafu alinisimulia kilima cha Luzira saa nzima.

Ilipofika Juni 2024, Chuo Kikuu cha Cambridge kikaleta vitu 39 vilivyotoka Uganda kwenye Makumbusho ya Uganda. Taarifa niliyoandikiwa niitie sahihi ilikuwa na "ushirikiano" mara sita. Nikaifuta nikaandika: "Vitu 39 vimerudi nyumbani, kwa mkopo wa miaka mitatu." Hapo ndipo palipowaka! Mtu anakopeshwaje chungu cha bibi yake? Nikawakumbusha kwamba vitu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, vilivyopelekwa Cambridge na mmisionari John Roscoe, vilirudishwa mwaka 1962 wakati wa uhuru, na watu wakaanza kulinganisha wenyewe, wazee kwa vijana, wengine kwa matusi. Wakubwa walikasirika. Mimi nilikuwa nahesabu ujumbe unavyoingia, na nakiri nilifurahi kupita kiasi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: andika kama unavyomsimulia jirani. Wa pili ni uleule, ila kwa mdomo.

Mwaka jana nikapeleka pendekezo: mhadhara wa Kibiro, wazungumzaji wawili, mimi na Mama Akiiki. Nikajibiwa kwamba mzungumzaji sharti awe na angalau shahada ya uzamili. Nikasema sawa, nikachukua likizo, tukapanda basi kwenda Hoima, mji wa Bunyoro, kwa nauli yangu.

Hoima ya sasa si ya zamani. Bomba la mafuta linaanzia wilayani hapo kwenda Tanga, kilomita 1,443, na limekuja na madereva, mafundi na wapishi kutoka Tanzania na Kenya, hata ukienda sokoni Kiswahili kimejaa kuliko Nsambya ya utoto wangu. Tukaazima ukumbi wa parokia. Tangazo lilikuwa karatasi moja kwenye vibanda vya chapati na stendi ya boda: "Chumvi ya Kibiro: aliyeipika na aliyeichimbua. Jumamosi saa kumi. Njoo na kipande cha chungu ulichookota, usikichimbe." Sikununua hata sambusa moja.

Walikuja watu wakajaa hadi madirishani. Mkaribishaji wa mlangoni alihesabu 130, mimi namwamini. Mama Akiiki alivaa gomesi ya bluu. Alianza yeye. Alipitisha chumvi kwenye sahani, kila mtu akaonja, ndipo akaniachia nafasi, na mimi nikaonyesha picha 5. Tano tu. Nilipofika kwenye kigae kile sikusema chochote, nilimtazama. Akachomoa nyasi zake za mafundo kutoka kwenye mkoba na donge la udongo mbichi, akabiringisha. Nakshi ikatokea ileile iliyokuwa ukutani. Ukumbi ulipiga yowe. Dereva mmoja wa Tanga alisimama akasema kwao chumvi huanikwa tu maji ya bahari, kwa nini hapa mnajitaabisha hivi, na mabishano yakaenda hadi giza, Kinyoro na Kiswahili vikipokezana.

Nilikaribia kulia, na sababu ya nusu yake ilikuwa kwamba mkubwa yule hakuwepo kuona.

Sasa nawaambia ninyi mnaotaka kuwa kama mimi, na najua mpo: acheni kulalamika kwamba watu wetu hawapendi historia yao. Umewapelekea wapi? Umewasemesha kwa lugha gani? Chuo kinapandisha umma ngazi tatu hadi ukumbi wenye mlinzi anayeuliza kitambulisho, halafu kinashangaa umma haukuja. Nendeni kwa wenye kitu. Niliwahi kupeleka Ntusi, kule Sembabule, slaidi 3 za kuthibitisha kwamba vile vilima viwili vinavyoitwa dume na jike vilitengenezwa na watu, vimejaa mifupa ya ng'ombe na vigae. Mzee mfugaji akanikata kabla sijawasha mashine: "Binti, hicho si kilima, hilo ni jaa. Kila zizi lina jaa lake." Miaka ya masomo, sentensi moja. Ungekuwa wewe ungenuna? Mimi ya zamani ingenuna. Nendeni kwa wenye kitu, nasema tena.

Jambo moja la kazi, lisikupite. Ukitangaza watu walete vitu, watakuja na kaveera, mfuko wa plastiki, imejaa. Hoima kijana alileta jiwe alilodai ni shoka la kale, akataka kujua nitalinunua kiasi gani. Usinunue hata kwa shilingi mia. Ukinunua moja leo, kesho mlima mzima umepinduliwa kwa majembe, na kitu kilichong'olewa mahali pake hakikuambii tena chochote. Piga picha, andika kilipookotwa, kimrudie mwenyewe, na umweleze kwamba tangu 2023 nchi ina sheria mpya ya makumbusho na maeneo ya kale.

Kijana wa Gulu, umeniuliza pia kuhusu projekta. Sijui. Yangu iliharibika na sikuitengeneza.

Ujumbe wako nimemsomea Mama Akiiki kwenye simu. Siku hizi ananiita Abwoli, mpako alionipa tukiwa ndani ya basi wakati wa kurudi, siku ile nilipomwomba msamaha kwa kile kicheko. Aliniachia kimya hadi tukapita Kiboga, ndipo akanipa jina. Alichouliza kuhusu wewe ni kama huko Gulu kuna wafinyanzi wanawake. Nimemwambia wapo. Basi yuko tayari kuja, kwa masharti: nauli, mahali pa kulala penye neti, na chai imiminwe na mtu mwingine.