Anza kujiandaa kushuka ungali unaruka

Wiki tatu baada ya kuacha mashindano ya kuruka majini nilipaka rangi chumba changu. Nilipomaliza ukuta wa mwisho nilirudi nyuma hatua mbili, nikasimama na brashi mkononi, shingo nimeigeuza kidogo kushoto. Nilikaa hivyo kwa muda mpaka nikashtuka: nilikuwa nasubiri alama. Kwa miaka 17 kila nilichofanya kwa juhudi kilifuatiwa na ubao wa alama, na ubao wenyewe ulikuwa kushoto kwangu kila nilipoibuka majini.

Nawaandikia vijana mnaoruka sasa, wa ubao unaonesa na wa jukwaa lisilonesa, pamoja na wazazi wenu. Wengi huniuliza namna ya kuingia majini bila kurusha maji, au namna ya kushinda woga wa mita 10. Ni maswali mazuri, na kocha wako anayaweza kuliko mimi. Lile ambalo sikuambiwa na mtu ni kwamba mchezo huu hukuzoesha kujua thamani yako papo hapo, na ukiuacha, hiyo ndiyo njaa itakayokusumbua kuliko zote.

Fikiria tunavyopimwa. Kutoka mita 10 unakaa hewani chini ya sekunde mbili na unayapiga maji kwa kasi inayokaribia kilomita 50 kwa saa. Kabla hujashika ngazi ya bwawa, majaji saba wameshatoa alama zao, kuanzia sifuri hadi 10. Mbili za juu zaidi na mbili za chini zaidi zinatupwa, tatu zinazobaki zinajumlishwa na kuzidishwa kwa kiwango cha ugumu wa mruko. Umekwisha kujulikana. Hakuna kazi ya ofisini, hakuna ndoa, hakuna ulezi wa mtoto unaojibu haraka namna hiyo. Nilipoajiriwa mara ya kwanza nilimwudhi msimamizi wangu kwa kumwuliza kila jioni kama nimefanya vizuri. Alikuwa mtu mwema, ila hakuwa na namba ya kunipa.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza: ungali unashindana, tafuta kitu kimoja ambacho hakuna jaji anayekitazama, ukifanye kwa mikono yako. Tom Daley, mrukaji wa Uingereza, alionekana akifuma kwa sindano na uzi kwenye viti vya watazamaji wakati wa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na wengi walifurahia picha zile kama kioja. Mimi zilinigusa mahali pengine. Huyu aliingia Olimpiki yake ya kwanza Beijing 2008 akiwa na miaka 14, maisha yake yote ya ujana yakapita mbele ya majaji, kisha akajipatia kitu ambacho akikosea mshono anaufumua tu na kuanza upya. Mruko haufumuliki.

Shule nayo usiiache. Najua utaambiwa huwezi kushika yote mawili. Sammy Lee wa Marekani alikuwa tayari ni daktari aliposhinda dhahabu ya jukwaa London mwaka 1948, akaishinda tena Helsinki mwaka 1952, baadaye akatibu masikio ya watu kwa miaka mingi. Juu ya hayo alimfundisha Greg Louganis, mrukaji mwingine wa Marekani, aliyepata medali ya fedha ya jukwaa Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 16. Sisemi kila mtu anaweza kuwa Sammy Lee. Nasema usiamini kwamba haiwezekani kwa sababu tu kocha anataka saa zako zote.

Sasa mwili. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Watu wa nje hudhani tunaingia majini kwa ncha za vidole. Sivyo. Tunashikanisha mikono, tunakunja vifundo, na tunayapiga maji kwa kiganja kilichofunguka ili yapasuke na kutumeza bila kurukia juu. Jaji anapenda hivyo. Anayelipa ni kifundo cha mkono, mara nyingi kwa siku, mwaka hadi mwaka. Leo kifundo changu cha kushoto hakikunjiki zaidi ya nusu; nikimimina chai kutoka birika lililojaa, natumia mikono miwili. Bega nalo hunikumbusha kila nikitaka kushusha kitu rafu ya juu. Mazoezi ya kuimarisha mabega na vifundo yalikuwepo, na mimi nilikuwa nayakimbia kwa sababu yanachosha na hayana msisimko wa kuruka. Yafanye. Ukiambiwa seti tatu, fanya tatu.

Jicho ndilo jambo nisiloweza kulisema nusunusu. Nikiwa na miaka 24 nilianza kuona vimulimuli pembeni mwa jicho la kulia, kisha vidoa vyeusi kama inzi wadogo wanaoelea. Nilimwambia kocha wangu wa wakati ule, akanipa siku mbili za kupumzika. Tulikuwa wiki chache kabla ya mashindano ya mchujo, na sote wawili tulitaka jibu hilo. Nilipofika kwa daktari wa macho, utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umechanika. Alinitibu kwa miale ya leza, akaniambia ningechelewa zaidi utando ungebanduka na pengine ningepoteza jicho. Ukiona vimulimuli, vidoa vingi vya ghafla, au kivuli kinachoshuka kama pazia, usisubiri mazoezi yaishe. Nenda siku hiyohiyo. Nawe mzazi, ukimsikia mtoto akitaja “inzi”, mpeleke, hata kama kocha amenuna.

Kunyamaza kwetu ni kama sehemu ya mafunzo. Tunafundishwa kupanda ngazi tukiwa na hofu na kusimama ukingoni kana kwamba hatuna. Seoul 1988, Louganis aligonga kichwa kwenye ubao wa mita 3, akashonwa, akarudi kuruka na kushinda dhahabu mbili. Dunia nzima iliona ujasiri ule. Ambacho haikukiona ni kwamba miezi michache kabla aliambiwa ana virusi vya Ukimwi, na hakulitangaza hilo hadharani mpaka 1995. Nikifikiria yule mtu kichwa kikivuja damu, akibeba siri ya namna hiyo mbele ya dunia nzima, najiuliza sisi wengine tunaficha maumivu madogo kwa faida ya nani. Tafuta mtu mmoja nje ya bwawa umwambie kila kitu. Asiwe kocha. Ikiwezekana asijue hata mruko wa nyuma ni upi.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi: ukiacha, mwili utaendelea kudai kama vile unafanya mazoezi saa tano kwa siku. Punguza mazoezi taratibu kwa miezi kadhaa, usikate siku moja kama nilivyofanya mimi. Si mwili tu uliovurugika. Usingizi ulikimbia, na hasira zikaja bila sababu.

Ukocha je? Wengi tunaukimbilia kwa kuwa ndio mlango ulio wazi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa kocha mbaya. Nilijua kuruka, sikujua kusema. Msichana mmoja mdogo alisimama kwenye ubao wa mita 1, vidole vya miguu vimekunjwa vikishika ukingo, anatetemeka, nami nikampigia kelele zilezile nilizopigiwa. Alishuka, akaenda kuketi na mama yake, hakurudi mwezi mzima. Aliporudi nilikaa naye ukingoni, miguu yetu majini, nikamwuliza anaogopa nini hasa. Akasema anaogopa kutoyaona maji akiwa kichwa chini. Tatizo likawa na dawa: tulianza kwa kuketi, kisha kupiga goti, kila mara akinitajia ameyaona lini. Ukitaka ukocha, soma kozi zake kwanza. Kuruka kwako si cheti.

Utatamani kurudi, nakuhakikishia. Fu Mingxia wa China aliacha baada ya Olimpiki ya 1996, akarudi na kushinda ubao wa mita 3 Sydney mwaka 2000. Laura Wilkinson, bingwa wa jukwaa wa mwaka huohuo, alistaafu 2008, na mwaka 2021 akiwa na miaka 43 na watoto wanne alikuwa tena kwenye mchujo wa Olimpiki wa Marekani. Inawezekana, basi. Ila subiri angalau mwaka mmoja, kisha nenda bwawani siku ambayo hakuna anayekufahamu, uone kama bado unataka. Kuna pia mashindano ya wakongwe, ambayo huanzia miaka 25.

Mimi nilirudi baada ya miaka minne. Daktari wa macho alikataa jukwaa na ubao wa mita 3, akaniruhusu wa mita 1 tu, kwa kutanguliza miguu. Jumamosi hupanda, nikajirusha wima kama mtoto wa siku ya kwanza, nikatoka, nikapanda tena.